Kes: kozi hakupendi, na filamu hii inalijua hilo

Ukitaka kujua mtu anavyoanza kumfundisha ndege mbuai, zile video fupi za mitandaoni hazikusaidii. Ndege anatua mkononi, mgeni anacheka, basi. Afadhali utafute Kes, filamu ya Ken Loach ya mwaka 1969, iliyotokana na riwaya ya Barry Hines. Billy, kijana maskini wa eneo la machimbo ya makaa ya mawe huko Barnsley, Uingereza, anachukua kinda la kozi mdogo kiotoni, anaiba kitabu dukani, kisha anajifundisha mwenyewe.

Kisayansi, filamu imepatia pale ambapo wengi wanakosea. Kozi si mbwa. Mbwa ni mnyama wa kundi, ukimsifu anafurahi. Kozi huyu huwinda peke yake. Sifa zako hana kazi nazo. Anachofuata ni nyama iliyo kwenye glavu. Ndiyo maana Billy anamwita kwanza akiwa amefungwa kamba ndefu, na baadaye tu ndipo anamwachia aruke huru. Akizungumza na mwalimu wake, anasisitiza kwamba ndege huyu si wa kuchezea. Na tunachokiona si ujanja wa kamera: kozi waliotumika walifundishwa kweli, na Richard Hines, mdogo wake mwandishi.

Lakini nina ugomvi nayo. Kazi yote hii inaendeshwa na njaa, na filamu inaipitia njaa hiyo haraka mno. Kozi huyu ana gramu 200 hivi. Akishiba, atakaa juu ya mti akutazame tu. Akipungua kupita kiasi, anadhoofika na anaweza kufa. Kwa hiyo mfundishaji makini humpima kila siku, na kosa dogo kwenye mizani ni kubwa kwa ndege. Pia kumtoa kinda kiotoni kunaonekana kama ushujaa wa kitoto. Leo Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1981, kufanya hivyo bila kibali ni kosa la jinai.

Hata hivyo, itazame. Mwisho wake sikuharibii. Billy hapati heshima nyumbani wala shuleni, lakini hamdai ndege wake upendo. Anamheshimu jinsi alivyo. Anayeanza akikosa hilo, glavu haitamsaidia.

Na kama huna kibali, usijali. Baadhi ya kozi hawa huja Afrika Mashariki kukwepa baridi ya Ulaya. Wakielea juu ya nyasi wakisaka panya na panzi, darubini inatosha.