Timu Inayoburuza Mkia Nayo Ina Riwaya

Vijana wenzangu wa kalamu, ukurasa huu ni wa uhakiki, lakini leo naomba nianze na kandanda. Msigune. Fasihi nitairudia, tena kwa ukali kidogo.

New Brighton ni mji wa pwani huko Uingereza, ng'ambo ya mto Mersey ukitokea Liverpool. Timu yake iliingia Ligi mwaka 1923, Daraja la Tatu Kaskazini. Msimu wa 1950/51 ilicheza mechi 46 ikaburuza mkia, ya mwisho kati ya timu 24. Enzi hizo wa mkiani hawakushuka moja kwa moja. Timu mbili za mwisho zilikwenda mkutanoni kuomba kura ili zibakizwe. Accrington Stanley, waliokuwa wa pili kutoka chini, wakasamehewa. New Brighton wakanyimwa kura, nafasi yao wakapewa Workington. Miaka 28 ikaishia hapo.

Waandishi wa mpira wakiikumbuka timu hii, hupenda kisa kimoja tu. Machi 1947 timu ilikosa golikipa, basi meneja wake, Neil McBain, mtu wa miaka 51, akavaa jezi akakaa golini mwenyewe. Wakafungwa 3-0 na Hartlepools United. Mpaka leo hakuna mkubwa kwake kwa umri aliyewahi kucheza katika Ligi hiyo. Kisa husimuliwa kama kichekesho, halafu basi, ukurasa unafungwa.

Mimi sicheki. Hapo naona sura ya kwanza ya riwaya. Mzee hakai golini kwa kuwa ni hodari, anakaa kwa kuwa lazima mtu akae. Miaka minne baadaye wenzake wanakaa kikao na kura zao hazimtoshi yeyote pale. Adui ni nani humo? Hakuna. Kila aliyepiga kura alikuwa na timu yake ya kulinda.

Sasa tuje kwetu. Miswada ya vijana ninayoletewa nisome, wangu ukiwamo, shujaa hashindwi ng'o! Dakika ya mwisho anafunga bao, tajiri anamwona, mchumba aliyemtoroka anarudi analia. Mimi nilimaliza kidato cha nne nikafeli. Riwaya yangu ya kwanza nikampa shujaa daraja la kwanza. Rafiki yangu akaisoma usiku kucha, asubuhi akaniuliza, "Sasa wewe mwenyewe umo wapi humu?" Nilinyamaza. Kurasa 112, na mimi simo hata moja.

Wapo wengine wanaokwepa kosa hili kwa kuua watu. Shujaa akikwama, gari linamgonga. Huo nao ni uvivu, jamani. New Brighton hawakufa mwaka 1951. Waliendelea kucheza nje ya Ligi, na Januari 1957 wakafika raundi ya nne ya Kombe la FA. Mwandishi wa haraka angekomea hapo apigiwe makofi. Ukweli ni kwamba Burnley waliwachapa 9-0. Raundi ya nne ni kweli, na tisa bila ni kweli. Riwaya nzuri ingebeba vyote viwili bila kuomba radhi.

Na Workington je? Mwaka 1977 nao wakanyimwa kura, wakaingia Wimbledon. Wimbledon hao ndio waliowafunga Liverpool 1-0 na kutwaa Kombe la FA mwaka 1988. Sisi wote tungekimbilia kuandika habari za Wimbledon. Naomba angalau mmoja wetu abaki na yule aliyetolewa nje ya mlango, amfuate mpaka nyumbani, aone alikula nini usiku ule.

Mswada wangu nimeanza kuuandika upya. Shujaa sasa amefeli ukurasa wa tatu, na bado sijui atafanya nini. Anayenipinga na aandike, nafasi ipo.