Atomu moja, namba 59

Simama nje ya stendi kuu ya mabasi hapa Nzuguni, Dodoma. Basi likishusha abiria, bodaboda zinaondoka tatu kwa mpigo, kisha kimya, kisha moja. Sasa mfuatilie dereva mmoja tu: akishapakia, hutamwona tena mpaka arudi. Atomu iliyo peke yake ndani ya leza iko hivyo. Ikitoa fotoni inashuka ngazi ya chini, na ni lazima ichochewe upya kabla ya kutoa nyingine.

Ugumu ni kwamba fotoni haitoki papo hapo. Inadunda kati ya vioo viwili, na atomu inaweza kuimeza tena. Kwenye leza yenye mamilioni ya atomu, unachukua wastani wa atomu, unauzidisha kwa wastani wa mwanga, kazi imekwisha. Kwa atomu moja njia hiyo inadanganya, kwa sababu hali yake na idadi ya fotoni zimefungamana. Ndiyo maana wanafizikia Yi Mu na Craig Savage, mwaka 1992, waliweka vyote kwenye daftari moja, juu ya modeli ya atomu na mwanga ya Jaynes na Cummings ya 1963.

Tujaribu kwa atomu ya ngazi mbili, tukikomea fotoni 19. Hali 20 za mwanga mara 2 za atomu ni 40, kwa hiyo daftari letu, yaani matrisi ya 40 kwa 40, lina namba 1,600. Lakini uchochezi ukiwa holela, na vioo vikilingana na rangi ya atomu, karibu zote ni sifuri. Zinabaki uwezekano 40 na viunganishi 19 vya hali zinazobadilishana fotoni moja: namba 59! Kila nikiirudia hesabu hii nafurahi upya. Ila kagua uwezekano wa fotoni 19. Usipokaribia sifuri, umekata mapema.

Kisha hesabu jozi. Tuseme uwezekano wa fotoni 0, 1 na 2 ni 0.5, 0.4 na 0.1. Wastani ni 0.6, jozi ni 0.2 (2 × 1 × 0.1), gawa kwa mraba wa wastani, 0.36, unapata 0.56. Leza ya kawaida hutoa 1, taa ya moto 2. Ukizidisha uchochezi kupita kiasi, atomu inavurugika, mwanga unafifia na namba hiyo inaelekea 2.

Mwaka 2003, kundi la mwanafizikia H. Jeff Kimble pale Caltech lilinasa atomu moja ya seziamu. Ilikuwa na ngazi zaidi ya mbili, hivyo namba 59 zisingetosha. Waligawa mwanga kwenye vigunduzi viwili, na fotoni zilizofika pamoja zilikuwa chache kuliko za leza ya kawaida.