Mhusika Si Neno Moja

Kila mwalimu wa Kiswahili ana swali lake la mazoea. Langu, kwa miaka mingi, lilikuwa hili: "Taja tabia za mhusika mkuu." Watoto wa darasa la saba hapa Ufipa walilijibu upesi: fulani ni mwema, fulani mchoyo, fulani mlevi. Niliweka alama ya vyema, kengele ikalia. Leo nimestaafu, nimepita miaka sabini, na nakiri kwamba swali lile lilikuwa bovu. Lilimfanya mtu kuwa neno moja.

Tutazame "Adili na Nduguze" cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Hasidi na Mwivu wanamtosa ndugu yao baharini, na adhabu yao ni kugeuzwa manyani. Kitabu hiki chafaa sana kumwanzishia mtoto, maana badiliko laonekana kwa macho: jana mtu, leo nyani. Lakini muulize, "Na moyo wao, ulibadilika lini?" Darasa litanyamaza. Kimya hicho ndicho mlango wa uhakiki. Umbo hugeuka mara moja. Moyo huchukua misimu.

Mtoto wa Ufipa ana mfano wake nyumbani. Tunapolima ntumba, yale matuta yetu ya duara, tunafukia majani ndani yake na kuyaacha yaoze gizani kabla ya kupanda. Hakuna aliyewahi kuyaona majani yakigeuka mbolea, ila kila mtu hula mazao yake. Basi nikaanza kuwagawia wanafunzi ubao sehemu tatu: alikuwaje mwanzo, nini kilimfika, yeye mwenyewe alichagua nini.

Chuoni, kwa walimu wanafunzi, nilitumia "Rosa Mistika" ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, riwaya iliyowahi kupigwa marufuku mashuleni. Wengi walianza na neno moja kwa Rosa, nalo halikuwa zuri. Niliwarudisha Ukerewe, kwa Zakaria anayempiga bintiye kwa sababu ya barua ya kijana Charles. Hapo walirukia upande wa pili: kosa lote ni la baba. Hilo nalo ni neno moja. Kezilahabi hamwachii Zakaria mzigo wote. Rosa anachagua pia, akiwa shuleni na hata chuo cha ualimu Morogoro. Ningemlaumu mwandishi kwa jambo moja tu: huko Morogoro mambo yanakwenda mbio, na msomaji anaona matendo ya Rosa kuliko anavyousikia moyo wake. Hata hivyo, anapofika kujiua, hatuwezi kusema hatukuona njia iliyomfikisha.

Kwa nini nayasema haya kwa uchungu? Katika miaka ya 1980, nikiwa mwalimu mkuu, msichana wa darasa la saba alipata mimba. Alikuwa msomaji hodari kuliko wote. Utaratibu wa wakati ule ulitaka aondolewe shule, nami nikautii. Lakini hakuna utaratibu ulionitaka niandike mbele ya jina lake neno nililoliandika: "mhuni."

Mama yake alikuja ofisini, akapiga goti kwa desturi yetu, akasema, "Mwalimu, mwanangu hakuwa hivi."

Nilimjibu kwamba kazi yangu ni kushughulikia alivyo, si alivyokuwa. Mama yule hakujua kusoma. Hata hivyo alikuwa ameniuliza swali ambalo mimi, mwenye cheti cha ualimu, sikuwahi kuliuliza darasani: mtoto huyu alikuwaje, na nini kilimfika? Nililielewa miaka mingi baadaye, nikisoma kwa sauti mbele ya walimu wanafunzi ule ukurasa wa Zakaria na fimbo yake. Nilikifunga kitabu, nikasingizia kikohozi.

Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wasichana waliojifungua waruhusiwe kurudi shuleni. Nilifurahi, kisha nikahesabu miaka. Msichana yule sasa ana umri wa kuwa na wajukuu.

Ndugu zangu mnaofundisha, msiwaulize watoto mhusika ni nani. Waulizeni alikuwaje, na nini kilimfika. Atakayezoea kuuliza hivyo kitabuni, huenda siku moja akauliza hivyo ofisini, kabla ya kushika kalamu.