Kawa Juu, Mkeka Chini: Sebule Nzima kwa Chini ya Laki Nne

Jamani, jana saa moja usiku niliwasha taa ya sebuleni kwangu, na watoto wote watatu wakanyamaza kwa mara moja. Aliyekuwa anagombea rimoti akaiachia. Kitinda mimba akanyoosha kidole juu: "Mama, jua!" Pale darini ilikuwa inaning'inia kawa. Ndiyo, kawa hii hii ya kufunikia chakula, ya ukili, iliyosukwa Pemba, niliyoinunua Kariakoo kwa shilingi 12,000. Nimeigeuza kivuli cha taa, na tangu jana kila nikipita mlangoni nasimama kuitazama. Lazima niandike leo leo, habari ikiwa bado ya moto.

Tumehamia Goba mwezi uliopita. Nyumba ina vyumba vitatu na sebule. Bati limekaa, marumaru zimekaa, dari ya jipsamu imekaa, na mfuko umekauka. Kila aliyejenga anaijua hatua hii: nyumba imesimama, lakini ukiongea sebuleni sauti yako inakurudia. Nikaanza na maduka makubwa yenye vioo. Vitu vizuri, sikatai. Lakini kivuli kimoja tu cha taa kilikuwa kinameza nusu ya pesa yangu yote, nacho kilikuwa cha plastiki iliyotengenezwa ifanane na majani yaliyosukwa. Nikakishika, nikakirudisha taratibu. Majani yenyewe yapo, wanaoyasuka wapo, na mama zetu wamefunikia wali kwa kazi yao miaka yote. Kwa nini ninunue mfano wake?

Nikatenga laki nne na siku mbili. Nikashuka Kimara, nikapanda mwendokasi hadi Kariakoo.

Kawa: nyota ya nyumba

Mama muuzaji alikuwa amezitundika kwa ukubwa, kama familia imepanga foleni. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, unafunika sinia la watu wangapi?" Nilipomwambia nataka kuiweka kwenye taa, aliichukua moja, akaiinua juu kuelekea mwanga wa barabarani, akanionyesha. Hapo ndipo moyo uliporuka! Chane za majani zimebanana, lakini kila zinapopishana panabaki kijitundu cha kupitisha sindano. Mwanga hauvuji ovyo. Unachuja, unatoka na rangi ya asali, na ukutani unaacha vidoa vidogo vidogo kama mvua ya rasharasha.

Shemeji yangu ni fundi umeme. Alifungua ncha ya juu kiasi cha kupitisha waya, akafunga holda ndani. Waya na holda vimenigharimu 6,000. Angalizo moja, na ulishike: tumia balbu ya LED peke yake. Ya wati 7 au 9 inatosha sebule ya kawaida na haichemki sana. Zile balbu za zamani za uzi zinatoa joto kali, na majani makavu na joto havikai nyumba moja. Acha pia nafasi kati ya balbu na ukili pande zote.

Mkeka: ardhi ya watoto

Huyo huyo mama akanikunjulia mkeka. Nilipiga magoti pale pale dukani. Wengi wetu tumekulia juu ya mikeka bila kuwahi kuitazama, kwa hiyo nikuonyeshe kwa karibu. Jani la ukindu linachanwa kuwa chane, linaanikwa, na zile za rangi zinachemshwa kwenye rangi. Kisha chane zinasukwa kuwa ukili, utepe mrefu usio na mwisho unaoonekana, na ukili huo unashonwa ubavu kwa ubavu mpaka unakuwa mkeka. Huu wangu una zambarau, kijani na rangi ya jani lenyewe, na mshono umefichwa hivi kwamba niliutafuta kwa kucha ndipo nikaupata. Bei 35,000. Kapeti la ukubwa ule, la kiwandani, sikuliona popote kwa bei hiyo.

Siku ya pili tu mtoto kamwaga juisi ya ukwaju. Nikafuta kwa kitambaa chenye maji, nikautundika kibarazani, baada ya saa moja mkeka ukarudi mahali pake. Kapeti lingekuwa linanuka mpaka leo. Una masharti mawili: usiukunje ukiwa na unyevu, utaota ukungu, na usiuache juani siku nzima kila siku, rangi itapauka. Zaidi ya hapo, huu ni mkeka wa kulala, kucheza, kusomea na kupokelea wageni.

Kanga kwenye mito

Kutoka pale nikaelekea Mtaa wa Uhuru, na pale, dada yangu, funga macho kidogo kwanza, maana utataka zote. Nilichukua doti mbili za pamba tupu, 12,000 kila moja. Doti ya kwanza nikaipeleka kwa fundi cherehani na maagizo maalumu. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Fundi asiyeelekezwa ataikata kama kitambaa cha kawaida, na uzuri wake utaishia kwenye mabaki. Mwambie hivi: mji ukae katikati ya mto, pindo lizunguke kando, na jina libaki zima.

Kwa sababu jina ni refu, tulishona mito miwili mirefu ya kuegemea inayobeba jina, na miwili ya mraba inayobeba mji. Kanga yangu inasema *Mgeni njoo mwenyeji apone*. Fikiria mgeni anakaa, anageuka kuweka mkono, anakutana na neno hilo! Nyumba imemkaribisha kabla sijafungua mdomo. Kushona mito minne ni 12,000, sponji za ndani 20,000. Doti ya pili nimeitandika mezani. Kabla ya kukata, loweka kanga mpya kwenye maji ya chumvi usiku mmoja, kisha ifue peke yake, maana rangi nyingi huchuja mara ya kwanza.

Ukuta: Iringa na Tingatinga

Mchana nikaenda Mwenge, kwenye soko la vinyago, na mpango wangu ulikuwa kutazama tu. Nikatoka na vikapu vitano vya Iringa vya 10,000 kila kimoja. Hivi ndivyo vile vinavyosukwa na akina mama wa Kihehe kwa milulu, majani ya mabondeni yenye mng'ao wa rangi ya chai ya maziwa. Vidogo hivi ukivigeuza kitako kikatazama chumbani, unaona mzunguko wa msuko unaanza kwenye kitone kimoja na kutanuka mpaka ukingoni. Vipange kwanza sakafuni. Hamisha, simama, tazama, hamisha tena. Kikubwa kisikae katikati kabisa, na vingine vikizunguke kwa kukaribiana. Ukiridhika, ndipo upige msumari. Ukuta wangu mweupe ulikuwa kama karatasi tupu, sasa una kitu cha kusema.

Kisha Oysterbay, Morogoro Stores, kwenye ushirika wa wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968, kwenye vipande vya hadibodi na kwa rangi za mafuta za kawaida, zile za kung'aa. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo ukarithiwa na unaendelea kuwalisha wachoraji mpaka leo. Picha kubwa zina bei zake, na zinastahili. Mimi nilichukua ndogo ya mraba ya 30,000: chui wa manjano mwenye madoa mekundu, jicho moja limemtoka kwa mshangao. Kwa nyumba yenye watoto hakuna picha bora kuliko hii. Rangi yake ya mafuta unaweza kuipangusa kwa kitambaa chenye unyevu, na wanangu wameshahesabu madoa mara tatu na kupata majibu matatu tofauti.

Mapazia ya Karume na benchi la Keko

Siku ya pili nilidamka. Mapazia ya mtumba pale Karume yanataka asubuhi, belo likifunguliwa wewe uwe umesimama. Nilipata vipande vinne vizito vyenye kitambaa cha pili kwa nyuma, rangi ya udongo, 12,000 kila kimoja. Shika pazia kwa mikono miwili, livute juu kutazama mwanga: ukiona nyuzi zimeachana, liache. Angalia pindo la chini, maana lile lililokunjwa kwa upana linakupa nafasi ya kurefusha kwa madirisha yetu marefu. Na nenda na kamba uliyopimia dirisha nyumbani. Vipimo vya kichwani vimewagharimu wengi.

Halafu Keko. Ewe Keko! Randa zinalia, vumbi la mbao linaelea, makochi yamepangwa barabarani kama yanasubiri daladala. Nilikwenda kutafuta benchi la kuweka chini ya dirisha, na nikajifunza jambo ambalo kila mnunuzi wa samani anapaswa kulijua: nunua kitu kabla hakijapigwa vanishi. Kikiwa bado kitupu unaona kila kitu, fundo liko wapi, ufa uko wapi, kiraka kiko wapi. Vanishi nzito inaweza kuvalisha mbao ya bei rahisi joho la mninga.

Mninga halisi una uzito wa kukuambia. Rangi yake ni kahawia inayoelekea wekundu, na mistari yake inatembea kama maji. Nililipindua benchi miguu juu. Mguu umeingia ndani ya tundu la mbao ya kukalia na kugandishwa, haukushikizwa kwa misumari mitupu. Nikalikalia kwenye kona kabisa, nikajitikisa. Kimya. Fundi akacheka, "Mama, hilo watalikalia wajukuu." 140,000, likapigwa msasa na vanishi nyepesi mbele ya macho yangu. Jioni kirikuu ikaniletea nyumbani kwa 20,000.

Mama mkwe alipoingia

Leo asubuhi mama mkwe amekuja kutuona. Akavua viatu mlangoni, akasimama. Akatazama juu, akatazama chini. "Kawa," akasema. Akakaa mkekani badala ya kochini, akanyoosha miguu, akaupapasa ukili kwa kiganja. Kisha akafungua mkoba wake akatoa bahasha: vitambaa vyeupe vya kufuma, sita, alivyofuma mwenyewe zamani na kuviweka sandukuni kwa sababu alidhani sisi vijana hatuvitaki tena. "Nilikuwa nangoja nyumba ya kuviweka, mwanangu."

Nimekitandaza kimoja juu ya kitambaa cheusi, nitakitia fremu na kukitundika kando ya chui. Vingine vimekwenda kwenye migongo ya makochi yetu ya zamani, na makochi hayo yamekuwa mapya.

Hesabu na hukumu

Kawa na umeme wake 18,000. Mkeka 35,000. Kanga, ushonaji na sponji 56,000. Vikapu 50,000. Picha 30,000. Mapazia 48,000. Benchi 140,000. Kirikuu 20,000. Jumla ni 397,000, na ile elfu tatu iliyobaki ikaingia kwenye nauli yangu. Bei zitatofautiana na mtaa wako na ulimi wako wa kupatana, lakini patana kwa utu: mkeka ule ni siku nyingi za mgongo wa mtu.

Hukumu yangu? Kawa, kumi juu ya kumi, na ningeinunua hata kwa bei mara mbili. Mkeka, kumi. Mito ya kanga, tisa, maana inataka fundi makini. Vikapu na Tingatinga, kumi kumi. Mapazia, nane, kwa sababu bahati ya belo haifanani kila siku. Benchi la Keko, kumi, mradi umelipindua kwanza.

Nyumba yetu sasa haina kitu hata kimoja ambacho namwambia mtoto asikiguse. Anakalia, analalia, anahesabia madoa, anamwagia juisi, na kesho vyote viko pale. Basi wewe uliyehamia juzi, unayetazama ukuta mweupe na mfuko mwepesi, usikope kwa ajili ya plastiki. Anza na kitu kimoja. Nenda kanunue kawa kwa mama yule, mwite shemeji au fundi wako, na usiku huu huu washa taa.