Msemaji wa familia

Ukifika mapema kwenye msiba Uru, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, msemaji wa familia utamtambua kabla hajashika kipaza sauti. Si yule anayepitapita mbele ya turubai na karatasi mkononi. Huyo ni mtu wa ratiba. Msemaji utamkuta nyuma ya nyumba, amevuta kiti karibu na binti mkubwa wa marehemu, anauliza kwa mara ya pili: yule mdogo wenu aliyefariki akiwa mchanga, naye tumtaje?

Wasifu wa marehemu husomwa mbele ya watu waliomjua tangu akikata majani ya ng'ombe. Ukikosea mwaka wa ndoa watakusamehe. Ukimsahau mtoto mmoja, hasa aliyezaliwa nje ya ndoa, umepanda ugomvi kihambani, kwenye shamba la ukoo. Ndiyo maana mzee ninayemsifu hapa hutumia usiku wa matanga kukusanya: kuzaliwa, ubatizo, kipaimara, ndoa, kazi, ugonjwa. Anaandika yote kwenye daftari la shule, kisha siku ya maziko analiacha ndani. Anabaki na kipande cha karatasi chenye majina ya watoto na wajukuu tu, kwa sababu kwa majina haamini kichwa chake wala cha mtu yeyote.

Kisha anasalimu. "Tumsifu Yesu Kristo!" Mgeni atadhani ni salamu ya kawaida ya Wakatoliki, kumbe mzee anapima uwanja. Kwenye mteremko ule watu hawakai kwa mistari. Wengine wamo turubaini, wengine wamesimama kati ya mibuni na migomba, vijana wako juu barabarani na bodaboda zao. "Milele, amina" ikiitikiwa na watu wa mbele peke yao, anageukia barabarani na kusalimu upya. Anangoja. Hasemi neno mpaka juu kule nako waitikie, na tangu hapo macho yake hayatoki kwa watu wa mbali. Walio karibu watamsikia tu.

Sentensi zake ni fupi. Hasifu kupita kiasi, maana wasikilizaji wanajua. Kwa marehemu aliyependa pombe ya mbege kuliko shamba alisema, "Alipenda watu, na watu walimpenda, hasa jioni." Hata mjane alicheka. Kilio kikipanda ananyamaza kabisa, hashindani nacho. Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare, Julius Caezar, mwaka 1963, alitupa kwa Kiswahili hotuba maarufu ya maziko, ya Antonio, ambaye naye hunyamaza katikati. Lakini Antonio anatega: anataka umati unong'one, upate hasira. Mzee wetu ananyamaza ili watu walie, basi. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi ngumu zaidi.

Kuna tangazo moja analolisema bila kupandisha wala kushusha sauti, kama karani: anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, aonane na familia. Neno la fedha likitiwa huzuni huonekana kama ombi.

Mikono yake hutetemeka mpaka leo. Karatasi ile humsaliti. Ujasiri alionao ameujenga taratibu katika jumuiya ndogondogo za Kikristo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele mwaka 1976. Kila wiki familia za jirani hukutana kwa mmoja wao, na kila mtu hufikiwa na zamu: leo unasoma somo, kesho unaongoza maombi, siku moja unatoa neno mbele ya watu walewale wanaokudai sukari. Alipotoka hapo ndipo akapewa matangazo ya kigango, halafu posa, halafu misiba. Sijui semina ya hotelini inayoweza kumpa mtu miaka ya mazoezi namna hiyo, bure.

Nilimwona mara moja wingu likishuka kutoka mlimani huku shukrani hazijaanza. Kwa kawaida hutaja paroko, wauguzi, waajiri, vikundi, majirani, kila mmoja kwa jina. Siku hiyo aliwataja majirani kwa vitongoji vyao, kuanzia cha juu kabisa kushuka hadi cha chini, akampa padri kipaza sauti. Jeneza lilishushwa kabla ya mvua, na sikusikia jirani hata mmoja akinung'unika kwamba ameachwa.