Faharasa Isiyojua Mofimu: Kiswahili Mbele ya Injini za Utafutaji

Ni rahisi kwa mtafiti wa msamiati kuichukua idadi ya matokeo ya injini ya utafutaji kuwa kipimo cha matumizi ya neno: matokeo yakiwa mengi, neno huhesabiwa kuwa limeenea, yakiwa machache, huitwa adimu. Hitimisho hilo hupuuza namna matokeo yenyewe yanavyopatikana.

Kazi ya injini huwa na hatua tatu. Programu hufuata viungo kutoka ukurasa hadi ukurasa. Maneno yaliyokutwa huingizwa katika faharasa. Kisha kurasa hupangwa kwa umuhimu. Katika makala ya 1998, Sergey Brin na Lawrence Page wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza PageRank, kanuni inayoupima ukurasa kwa viungo vinavyouelekea na kwa uzito wa kurasa vinakotoka. Hatua hii ya tatu inalaumika kwa haki, kwani kinachotajwa na wengi huzidi kutajwa. Hata hivyo, kwa Kiswahili hasara huanza mapema zaidi, katika faharasa.

Kanuni ya kupunguza maneno iliyochapishwa na Martin Porter mwaka 1980 iliundwa kwa ajili ya Kiingereza, nayo hukata viambishi tamati pekee. Kitenzi cha Kiswahili hubeba viambishi pande zote mbili za mzizi. ‘Alimwandikia’, ‘wameandikiana’ na ‘yaliyoandikwa’ ni maumbo ya kitenzi kimoja, lakini faharasa inayolinganisha herufi tu huyaona kuwa maneno matatu yasiyohusiana. Kukata viambishi awali bila uchanganuzi nako hakuleti nafuu: nomino ‘anasa’ ingesomwa a-na-sa, na kitenzi ‘tulia’ kingesomwa tu-li-a.

Uchanganuzi unaofaa unawezekana. Mwaka 1992 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alionyesha jinsi mofolojia ya Kiswahili inavyoweza kuchanganuliwa kwa kompyuta kwa mkabala wa ngazi mbili. Injini za leo hutumia vigezo vingi kuliko PageRank, ila taratibu zake hazichapishwi kikamilifu. Mtafiti hawezi kukagua ni maumbo gani yamehesabiwa na yapi yameachwa. Kwa hiyo, idadi ya matokeo haiwezi kushika nafasi ya kongoo iliyochanganuliwa. Neno linaloonekana adimu huenda limeandikwa mara nyingi, likiwa ndani ya viambishi ambavyo faharasa haikuvitambua.