Kwani Huyu Anakwenda Wapi?

Mwaka jana nilikuwa natafsiri hadithi fupi ya Kiingereza, kurasa 12 tu, nikakwama kwenye sentensi ambayo mtoto wa shule angeisoma bila kuhangaika. Mjane anatoka mochwari. Mwandishi anasema: she stumbled out into the rain. Maneno sita.

Nikaandika: "Alitoka nje kwenye mvua huku akijikwaa." Nikaisoma kwa sauti. Mbaya. Huyu mama wa kwangu ametoka vizuri tu, kisha akakutana na mawe. Kwenye Kiingereza kule kujikwaa ndiko kutoka kwenyewe. Kitenzi kimebeba namna ya mwendo, na safari imeachiwa vijineno viwili, out na into, ambavyo darasani tulivisoma kama vihusishi vya kujazia nafasi iliyoachwa wazi.

Mwanaisimu Leonard Talmy ameligawa jambo hili vizuri. Ziko lugha ambazo njia ya mwendo hukaa ndani ya kitenzi, na ziko ambazo njia hukaa nje yake, kwenye kijineno kinachofuata. Kiingereza na Kijerumani ni za kundi la pili, Kihispania ni cha kundi la kwanza. Kiswahili nacho, ukikipima, kinaegemea kwa Kihispania: ingia, toka, panda, shuka, vuka. Njia imo humo humo. Mwingereza anachukua kitenzi chochote cha mwili, awe anakimbia, anatambaa au anacheza ngoma, anakigongomea out, na mtu yuko nje. Sisi tunasema alitoka mbio, alitoka akitambaa. Dan Slobin alilinganisha riwaya na tafsiri zake akaona kwamba wafasiri wa Kihispania mara nyingi huiacha ile namna ya mwendo njiani. Siwalaumu. Ukitafsiri kila kunyata na kila kuyumba, ukurasa unajaa "huku aki-" mpaka msomaji anachoka miguu.

Sentensi yangu niliiokoa kwa "Akapepesuka mpaka nje, mvuani." Inakubalika. Hilo -ni la mwisho lina nguvu kuliko tunavyolipa heshima.

Kilichonishinda kilikuwa ukurasa wa mbele yake. Mwandishi anasema mjane yule was going through it alone. Nikaandika bila kufikiri: "Alikuwa akiyapitia peke yake." Mama yangu, ambaye husoma kila ninachokiacha mezani, akauliza: "Kwani huyu anakwenda wapi?"

Nikamweleza kwamba anapitia wakati mgumu. Akaniambia: "Si kafiwa? Basi sema yamemfika."

Nilicheka, halafu sikucheka tena. Kiingereza kimechukua vihusishi vya barabarani kikavipeleka moyoni. Mtu hu-go through msiba, hu-get over mapenzi, hu-break down, hu-fall apart. George Lakoff na Mark Johnson walionyesha mwaka 1980 jinsi mafumbo ya namna hii yalivyojaa katika usemi wa kila siku, hata wasemaji wenyewe hawayaoni. Katika mafumbo hayo, mara nyingi mtu ni msafiri na jambo ni mahali. Sasa sikiliza Kiswahili. Njaa inaniuma. Homa imemshika. Yamemkuta, yamempata, yamemfika. Anayesafiri ni jambo, na mtu ndiye kituo chake.

Hata pitia yenyewe tunayo, ila inaelekea upande mwingine. Usingizi ulinipitia. Shetani alinipitia, asemavyo kila mume aliyebanwa na ushahidi. Sisi ndio tunaopitiwa!

Kisha kuna kauli ya kutendewa, ambayo walimu wa sarufi huipitisha haraka kama orodha ya kukariri. Kufiwa. Kukimbiwa. Kunyeshewa. Kuishiwa. Kiingereza kinakaribia hapo kwa on: he died on her, he walked out on her. Lakini hiyo on ya kufa ina lawama ndani yake, kana kwamba marehemu alipanga kumkomoa mtu. Kufiwa hakumlaumu yeyote. Silabi chache zinasema kifo ni cha mwingine na uzito ni wangu. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya 1755, alikiri kwamba vitenzi vya Kiingereza vyenye vijineno nyuma vinawatesa wageni kupita kiasi. Ningependa kumwona akijaribu kufiwa.

Mfano ninaourudia sana ni jalada la kitabu. Chinua Achebe aliipa riwaya yake ya 1958 jina lenye kitenzi cha aina hii: Things Fall Apart. Apart ni mwelekeo, vipande vikiachana, kila kimoja kikienda zake. Tafsiri ya Clement Ndulute inaitwa Shujaa Okonkwo. Kwa miaka mingi niliona ni kukimbia kazi. Siku hizi nina huruma zaidi. "Mambo Yamesambaratika" ni kichwa cha habari cha gazeti la jioni. Shujaa Okonkwo angalau linamsimamisha mtu pale ambapo mambo yatamfikia. Hata hivyo bei yake ni kubwa. Katika jina la Achebe kinachovunjika ni ulimwengu mzima, na mtu hatajwi. Katika jina la Kiswahili ukoo umetoweka jaladani, amebaki mwanamume mmoja na sifa yake.

Sasa, simpi mama ushindi wote. "Anapitia kipindi kigumu" na "niko kwenye mapito" zimeshaenea makanisani na mitandaoni, na sitaki zifukuzwe. Mapito yana upande wa pili. Aliyefikwa amekaa pale alipofikwa, lakini anayepita ana mahali pa kutokea, na kijana anayeandika kuhusu sonona yake huenda anaihitaji miguu hiyo. Kinachonikera ni uvivu. Katika hadithi nyingi mpya ninazozisoma kila mhusika anapitia, awe kafiwa, kaachwa au kaibiwa simu. Wote wanatembea kwa mwendo mmoja. Hakuna anayegongewa mlango usiku na jambo asilolialika.

Mwishowe niliandika: "Yalimkuta peke yake." Mama aliisoma huku anachambua mchele. Akaguna, kisha akauliza huyo marehemu alikuwa anaumwa nini.